Santuri Kumi na Nne za Kampuni

Baba yangu alikuwa na santuri kumi na nne, zote za kampuni moja ya Kimarekani, na mimi ndiye niliyezitoa nyumbani kwake. Naanza na hilo kwa sababu kila nikisimulia kisa hiki huwa nazungukazunguka. Huanza na macho yake, au na joto, au na yule Mmarekani, mpaka anayenisikiliza akadhani kwamba kosa halina mwenyewe.

Ujanani mwake baba alikuwa karani wa duka la redio na santuri Zanzibar mjini. Kila baada ya miezi michache sanduku la mali mpya likishushwa bandarini, na ndani yake, katikati ya nyimbo za Misri na za filamu za Kihindi, mlikuwa na albamu mbili tatu za hiyo kampuni. Hazikuwa na wanunuzi. Watu walitaka nyimbo zenye maneno, na hizi zilikuwa tarumbeta, saksafoni, piano na ngoma, dakika ishirini upande huu na ishirini upande wa pili, bila ya mtu kufungua kinywa kuimba. Baba akazipenda. Tajiri wake alipoona zinakaa rafuni zikipata vumbi, akawa kila sikukuu humpa moja awe nayo. Baba alipoondoka kisiwani baada ya mapinduzi, aliacha nyumba, vitabu na vyeti vyake vyote. Santuri kumi na nne alizifunga ndani ya kanga ya mama akazibeba mkononi, mpaka Dubai, na miaka kadhaa baadaye mpaka Ibra huko Omani, kwenye mji wa babu zake ambao yeye mwenyewe hakuwahi kuuona.

Nyengine zozote kwake zilikuwa santuri tu. Hizi zilikuwa "za kampuni". Alisema hivyo kama mtu anayetaja ukoo.

Ibra alifanya kazi serikalini mpaka akastaafu. Kila siku baada ya sala ya alasiri aliingia majlisi, chumba chetu cha wageni, akafunga madirisha kwa ajili ya majirani, akatia santuri moja kwenye mashine yake ya zamani, ambayo yeye hadi mwisho aliiita kinanda. Sisi watoto tuliruhusiwa kukaa tukinyamaza. Mimi nilikaa. Nakumbuka alivyokuwa akiinua kidole sindano inapoanza kutambaa.

"Sikiliza, kabla hajapuliza," husema. "Umesikia? Anavuta pumzi. Kampuni nyengine pumzi wanaitoa. Hawa wameiacha."

Nilipoanza kusomesha chuoni Nizwa, katikati ya miaka ya tisini, presha ya macho ilikuwa imeshamla. Alibakiwa na mwangaza tu, akijua dirisha liko wapi na mlango uko wapi. Mama alikuwa ameshafariki. Dada yangu mkubwa na mumewe walihamia pale nyumbani kumwangalia, na mimi nikija kila Alhamisi kwa njia ya Sinaw.

Jambo moja hakuhitaji kusaidiwa. Santuri zake alizijua kwa mikono. Moja jalada lake lilitafunwa na panya pembeni. Moja mama alilishona jalada lake kwa uzi mweupe lilipochanika njiani. Moja ilipoteza jalada kabisa, ikawa inakaa ndani ya karatasi ya mfuko wa saruji. Moja iliwahi kumwagikiwa na halua ya moto, na upande wa nyuma ulikuwa bado na ugumu. Zilizobaki alizitambua kwa uzito na kwa ule mfuo wa mviringo kwenye kibandiko cha katikati, ambao alisema kiwanda kile kiliukandamiza kwa kina kuliko vyengine. Alipitisha ukucha, akatabasamu, akaiweka kwenye kinanda bila ya kukosea. Sindano aliishusha kwa kidole gumba, taratibu, kama mtu anayemlaza mtoto. Katika siku nzima ya kushikwa mkono, kukatiwa nyama na kuelekezwa kibla, hiyo ndiyo saa aliyokuwa hamhitaji mtu.

Mimi nililiona hilo kila wiki, wala sikulielewa.

Mmarekani alikuwa mwalimu mwenzangu wa Kiingereza pale chuoni. Alikuwa mtu mpole, mrefu, aliyependa kuendesha gari jangwani siku za mapumziko. Siku moja tulikuwa tunakunywa chai, nikamtajia santuri za baba na jina la kampuni nililolisoma kwenye vibandiko. Akaweka kikombe chini. Mji wao, alisema, ndio ulio na hiyo kampuni. Shangazi yake alifanya kazi kiwandani pale, akitia santuri kwenye majalada. Nilimchukua Ibra wiki ile ile. Baba alimpigia albamu mbili, dada akaleta kahawa na sambusa, na mimi nikawa mkalimani. Mgeni alizishika zile santuri kwa ncha za vidole, akawa hataki hata kuegemea.

Katika kurudi Nizwa aliniambia kwamba kampuni imezitoa albamu zake zote kuu upya, kwenye sidii, sauti zimesafishwa, hazina mikwaruzo. Nikamwambia hiyo ndiyo dawa ya baba. Na kweli zilikuwa zinakwaruza. Sindano haikupatikana tena kwa urahisi, mara ya mwisho nilizunguka maduka ya Ruwi siku nzima. Lakini kuna na ukweli mwengine, na sina budi kuusema. Siku ile mgeni alipokuwa majlisini, santuri ya pili iliruka mara tatu mahala pamoja, na mimi niliona haya. Niliona haya ya kinanda kikuukuu, ya jalada la mfuko wa saruji, ya baba yangu kutoona kwamba mgeni anamwangalia. Nilitaka aje siku nyengine akute kitu cha kisasa.

Tukakubaliana. Likizo yake ya kiangazi akienda kwao ataniletea sidii za albamu zote kumi na nne, na mimi nitampa santuri. Aliniuliza mara mbili kama baba ameridhia. Mara zote mbili nikamwambia ndiyo.

Ramadhani iliyofuata, sidii zikiwa zimeshafika, dada na mumewe walimpeleka baba Umra. Nilikwenda Ibra peke yangu na ufunguo wangu, nikazitoa santuri kwenye rafu, nikazipanga ndani ya sanduku la katoni la maji ya Tanuf. Nilipoikuta ile iliyoshonwa na mama nilisita kidogo. Kisha nikaitia na yenyewe, maana ahadi ilikuwa kumi na nne. Kinanda nilikisukuma chini ya ngazi. Mahala pake nikaweka mashine mpya ya sidii, ina taa za kijani ambazo aliyenunuliwa hawezi kuziona.

Waliporudi nyumba ilijaa watu wa kumpongeza. Mpaka siku ya pili baada ya alasiri ndipo nilipomshika mkono nikamwingiza majlisi.

"Baba, nina zawadi yako."

Akakaa. Nikabonyeza. Ikatoka ile albamu aliyokuwa akiipenda kupita zote, na ilikuwa safi kiasi kwamba vijiti vya ngoma unaweza kuvihesabu. Aliisikiliza mpaka mwisho, mikono juu ya magoti. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyekaribishwa nyumba ya watu.

"Imeoshwa," alisema.

"Imesafishwa, baba. Zote kumi na nne. Hazikwaruzi tena."

"Ahsante, mwanangu. Mungu akuweke."

Kisha akanyoosha mkono kwenye rafu ya santuri, mahala alipozoea. Mkono ukaenda mpaka ukutani. Aliurudisha taratibu akauweka tena juu ya goti. Nikamtilia vile visanduku vya sidii mapajani. Akakishika kimoja, akakipapasa mbele na nyuma na pembeni, akauliza hiki kipi. Nikamwambia. Akashika cha pili, akauliza na hiki. Nikamwambia. Alipofika cha nne akavikusanya vyote, akavigongagonga vikae sawa, akanirudishia.

"Basi," akasema. "Khalas. Utakuwa unaniwekea wewe ukija."

Na kweli, kila Alhamisi nilipokuja nilimwekea. Alikaa, akasikiliza, akashukuru. Ilichukua miezi mpaka dada aliponivuta jikoni, akakanda unga huku ananiambia bila ya kuniangalia. Alisema tangu niilete mashine ile, baba hakai tena majlisini siku ambazo mimi sipo. Mwanzo dada alimwambia amwite wakati wowote atamwekea. Akamwita mara mbili. Mara ya tatu alimsikia dada anahangaika na vyungu, akarudi chumbani kwake bila ya kumwita. Dada akajaribu kubandika vipande vya kitambaa kwenye visanduku, vya kanga, vya doria, vya jinzi, ili avijue. Visanduku akavijua. Lakini sidii yenyewe ni laini huku na laini kule, hana pa kupitisha ukucha. Siku moja aliitia juu chini, mashine haikusema kitu. Akabonyeza kila kitufe. Alidhani ameiharibu. Dada alimkuta amekaa mbele ya mashine, na baba akamwomba asiniambie.

"Zamani alikuwa akijiwekea mwenyewe," dada alisema. "Hilo tu. Zirudishe."

Nilimwambia nitazirudisha. Nilikusudia. Lakini kumwendea Mmarekani kulikuwa na maana ya kumwambia kwamba nilimdanganya, kwamba baba hakuridhia, wala hakuulizwa. Kila nikikutana naye chuoni nilisema moyoni baada ya mitihani, kisha baada ya Iddi, kisha mwaka ukaisha. Wakati wote huo yeye aliniuliza hali ya baba, na mimi nikamjibu kwamba baba anafurahi sana na sidii.

Nafikiri alinitambua. Hakuwa mjinga. Mkataba wake ulipomalizika, mwanzo wa kiangazi, mimi nilikuwa Salala na mke wangu kutafuta mvua. Niliporudi nilikuta barua yake kwenye meza yangu ya ofisi. Aliandika kwamba amezisikiliza santuri zote na amefurahi nazo, lakini kila akizishika anahisi ameshika kitu cha mtu aliye hai. Hataki kuondoka nazo. Ameziacha kwenye kambi moja ya watalii Mintirib, ukingoni mwa mchanga wa Wahiba, kwa meneja aliyekuwa rafiki yake, maana kwangu alibisha hodi hakukuta mtu na Ibra hakuijua nyumba vizuri. Niende nikazichukue. Sidii tubaki nazo.

Kutoka Ibra mpaka Mintirib ni mwendo wa chini ya saa moja.

Nilikwenda baada ya wiki tisa. Najaribu kukumbuka kilichonizuia na sikumbuki kitu kimoja kikubwa. Gari lilikuwa gereji. Kulikuwa na harusi Sur, upande wa wakwe. Halafu joto, nani anakwenda jangwani mwezi wa saba. Nilijisemesha kwamba zimekaa miaka arobaini, hazitadhurika kwa wiki chache. Kila Alhamisi niliipita njia panda ya Bidiya, ya kwendea Mintirib, moyoni tu, nikamwekea baba sidii yake, nikala, nikarudi Nizwa.

Kambi ilikuwa imefungwa kwa msimu. Meneja, Mwomani wa hapo hapo Bidiya, alinipokea kwa kahawa na tende, akauliza habari za Mmarekani. Kisha akanipeleka kwenye makhzan yao, yaani ghala. Ilikuwa chumba cha mabati kilichojaa magodoro, mahema na mapipa. Alipofungua mlango, hewa iliyotoka ilinipiga usoni kama ya tanuri. Sanduku la Tanuf lilikuwa juu ya mapipa, karibu na paa.

Nilijua kabla sijalifungua, maana katoni lenyewe lilikuwa limefura. Santuri zilikuwa zimekunjana kama mikate ya chila iliyosahauliwa chomboni. Nyengine zimekuwa mabakuli. Mbili zimegandana na karatasi zake. Ile iliyoshonwa na mama, uzi ulikuwa bado umeshika vizuri, lakini ndani yake kilikuwa kitu chenye mawimbi, hata kwenye jalada hakitoki. Nilizihesabu. Zilikuwa kumi na tatu.

Meneja alisimama nyuma yangu. Aliniomba radhi, alisema hakuna aliyemwambia kwamba zinadhurika. Nikamwambia si kosa lake. Kisha akakumbuka kitu, akanipeleka ofisini kwake. Ukutani, chini ya kiyoyozi, alikuwa ametundika jalada moja kwa sababu ya picha yake, gari refu jeupe limesimama barabarani mvua inanyesha. Alisema jangwani hapa kuitazama mvua kunaburudisha. Akalishusha. Santuri ilikuwa ndani, imenyooka.

Zile kumi na tatu nilimwachia. Nilimwomba azitupe pamoja na taka za kambi, na nikaona kabla sijaondoka mahala mfanyakazi alipolipeleka sanduku, kwenye shimo nyuma ya kilima cha mchanga. Sikutaka kuwa nalo ndani ya gari.

Ibra nilifika baada ya alasiri. Nilikitoa kinanda chini ya ngazi, nikakipangusa, nikakiweka mahala pake. Baba alikuwa kitandani, ameelekea ukutani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Leo si Alhamisi."

Nikamwekea ile santuri mikononi. Akakaa kitako. Alipapasa jalada, akaitoa santuri, akapitisha ukucha kwenye mfuo wa katikati. Nilingoja alie, au anilaani. Akatoa kicheko kidogo cha puani.

"Hii sikuwahi kuipenda," alisema. "Tajiri alinipa kwa kuwa haiuziki."

Nikapiga magoti pale sakafuni, nikamwambia. Nilimwambia kwamba santuri nilizitoa bila ya ruhusa yake wakati yuko kwenye nyumba ya Mwenyezi Mungu, na kwamba nilijua kwa mwaka mzima kuwa nimemkosea.

"Nilijua siku ile ile," alisema. "Mkono wangu ulipogusa ukuta. Nikawa nakungoja uniambie."

"Kwa nini hukunigombeza, baba?"

"Ulikuja na furaha kama mtoto wa Iddi. N'seme nini?" Akainua ile santuri kidogo. "Na nyengine ziko wapi?"

Hapo ndipo nilipotakiwa kumalizia. Kinywa kilikuwa wazi tayari, na yeye alikuwa ameshanisamehe nusu ya mambo. Lakini niliiona ile iliyoshonwa na mama ikiwa ndani ya shimo, na sikuweza.

"Mmarekani amekwenda nazo kwao," nikasema. "Amekubali kuniachia hii moja tu."

Baba alifikiri. Nilitegemea amlaumu, na niwe na mwenzangu wa kulaumiwa.

"Mwache," alisema. "Zimerudi kwao. Mtu aliyezishika vile, nilimsikia, hata pumzi alikuwa akiibana, huyo atazisikiliza."

Akasimama, akapapasa ukuta mpaka majlisi, akaishusha sindano mwenyewe.

Tangu siku ile mpaka alipofariki, miaka sita, kila baada ya alasiri aliipiga albamu ile moja ambayo hakuipenda. Upande wa kwanza, kisha huigeuza, upande wa pili. Dada anasema mwishoni alianza kuipenda, mimi sijui. Jambo ninalolijua ni kwamba ikimalizika, alikuwa akikaa kidogo akisema, kwa sauti ya mtu anayewataja watoto walio safarini, leo pengine anapiga ile ya panya, au leo ile ya halua. Alihesabu tofauti ya saa za Marekani kwa vidole. Aliniuliza kama kwao ni asubuhi sasa, na mimi nikamwambia ni asubuhi.

Mwaka wake wa mwisho alinitaka nimpigie simu yule mtu. Hakutaka kudai kitu, alisema, anataka tu kumuuliza ile iliyoshonwa bado uzi wake umeshika, na amwambie nani aliyeushona. Barua ya Mmarekani ilikuwa na nambari chini, na nilikuwa nayo kwenye droo Nizwa. Nilimjibu baba kwamba watu wale huhamahama na nambari yake sinayo.

"Haya," akasema. "Ukiipata utanambia."

Alifariki majira ya baridi. Mmarekani aliandika tena miaka miwili baadaye. Aliuliza kama santuri zilifika salama kwa baba, na kama bado anapiga. Barua hiyo nimeijibu mara nyingi kichwani. Kwenye karatasi sijafika mbali zaidi ya salamu.